Duara, miale na kivuli baada ya kutolewa mtoto wa jicho: angalia mboni

Siku hizi mtu hutolewa mtoto wa jicho asubuhi na jioni akawa nyumbani. Maneno huanza baadaye. Usiku kila taa ina duara, taa za pikipiki zinatoa miale kama nyota, na pembeni ya jicho kuna kivuli cheusi chenye umbo la hilali. Jirani akisikia, husema "amepasuliwa vibaya", na mgonjwa naye hukataa jicho la pili. Mimi si daktari, lakini jambo hili nimelisoma, na mara nyingi chanzo chake si kosa la mkono wa mpasuaji.

Lenzi tunayozaliwa nayo ina upana wa milimita 9 hadi 10 hivi. Ya kupandikizwa ni karibu milimita 6. Tangu Harold Ridley apandikize ya kwanza kule London mwaka 1949, lenzi zimeboreshwa sana, lakini bado hazijafikia ile aliyotuumbia Mwenyezi Mungu. Mbele yake iko mboni, lile tundu jeusi linalopanuka gizani na kusinyaa juani. Mboni ikipanuka hadi karibu na ukingo wa lenzi, mwanga hugonga ukingo huo na kutawanyika. Ndiyo sababu malalamiko ya duara na miale huwa ya usiku, na wenye mboni kubwa husumbuka zaidi. Wazee wana nafuu kidogo hapa, kwani mboni husinyaa kadiri umri unavyokwenda.

Kivuli cha hilali ni kinyume chake. Hukaa upande wa sikio, na huonekana zaidi mwangani, mboni ikiwa ndogo. Wengi hueleza hivi: mwanga wa pembeni, mwingine hupita ndani ya lenzi ukapindishwa, mwingine hupita nje yake, na katikati hubaki pengo lisilofikiwa na mwanga. Ukikinga upande huo kwa kiganja, au ukavaa miwani yenye fremu nene, mara nyingi hupungua.

Lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja huleta duara zaidi, kwa sababu zinaugawa mwanga. Dereva wa usiku aulize kabla hajalipa.

Hapa nataka wanaume wanisikize. Dawa ya tezi dume iitwayo tamsulosini hulegeza ule utando wa rangi unaoizunguka mboni. Wakati wa upasuaji mboni hukataa kupanuka, na utando ukiumia mboni huweza kubaki kubwa au kupinda, basi mwanga ukasumbua daima. Kuiacha wiki mbili kabla hakuondoi athari hiyo. Dawa yake ni kumwambia daktari mapema ajiandae, hata kama uliitumia zamani ukaacha. Najua haya zilizopo, hasa daktari akiwa mwanamke, lakini jicho ni lako.

Kwa wengi usumbufu hupungua kwa wiki au miezi, ubongo ukizoea. Yapo matone ya kuizuia mboni isipanuke sana usiku, ila ni ya kuandikiwa, si ya kubahatisha dukani. Uoni ukiingia ukungu tena baada ya miezi au miaka, huenda ni kile kifuko kinachoishika lenzi, na leza hukisafisha kwa dakika chache. Lakini kama duara na vivuli vilikuwapo tangu siku za mwanzo, vitaje kabla ya leza. Lenzi ikibidi kubadilishwa, kifuko kilichokwisha kutobolewa hufanya kazi kuwa ngumu.

Yasiyongoja ni haya: maumivu makali, jicho jekundu na uoni unaoshuka; mimweko ya mwanga hata macho yakiwa yamefumbwa; vidoa vingi vipya vinavyoelea; au giza kama pazia linaloingia kutoka pembeni. Hilali hukaa pale pale, pazia huzidi kusogea. Ukiona hivyo usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, hata iwe siku ya Idi.