Wazee wa Dedha na Wanafunzi Wao

Desturi ya kitabu hiki cha kila mwaka ni kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, na kuwakumbuka waliotangulia mbele ya haki. Baada ya kuwakumbuka wazee hao, ni vema pia tuulize ni nani waliojifunza kazi kwao. Swali hili si geni hapa Isiolo, na historia ya malisho yetu hulijibu waziwazi kuliko hotuba nyingi.

Waborana waliohamishwa kutoka upande wa Wajir katika miaka ya 1930 na kuwekwa kando ya mto Ewaso Nyiro walikuja na mifugo yao na sheria zao. Wengi wakawa Waislamu, na sherehe za gada zikabaki zaidi kwa ndugu zao wa Ethiopia. Huko Abba Gada huongoza miaka 8 tu, naye kabla ya kuongoza hupitia daraja za kuandaliwa miaka mingi. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utaratibu huo wa Waoromo katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Hapa Waso gada ilififia, lakini chuo kimoja kilibaki, nacho ni dedha.

Dedha ni eneo la malisho, na jarsa dedha ndio wazee wanaolisimamia. Mvua ikinyesha, wao huamuru mifugo iondoke mtoni iende kwenye mabwawa ya mvua, ili nyasi za kando ya mto zipumzike na kungoja kiangazi. Sehemu nyingine hufungwa kabisa mpaka ukame uwe mkali, na avunjaye amri hutozwa faini. Kisimani yuko abba herega, mpangaji wa zamu za kunywesha, kundi hili leo na lile kesho. Kazi nyepesi kwa asiyepata kusimama mbele ya watu wengi wenye ng'ombe wenye kiu. Wasamburu na Waturkana nao wana taratibu zao, na twatumaini siku moja mwenzetu ataziandika.

Mambo haya hayakusomwa kitabuni. Kijana alitumwa kupeleleza malisho, na akirudi aliketishwa mbele ya wazee. Nyasi ni za namna gani? Maji yatadumu siku ngapi? Nani amepiga kambi huko, na mifugo yake ina ugonjwa? Mzee mwema hakumpa jibu. Alimwacha aseme, kisha akamrudisha nyuma kwa swali jingine, hata kijana akatambua mwenyewe alichokipita bila kukiona. Baadaye aliketi nyuma ya wazee barazani, akapeleka ujumbe wao, akaachiwa kusuluhisha ugomvi mdogo huku wakimsikiliza. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, ingawa huku kwetu samaki ni haba. Walikuwapo pia, hapana shaka, wazee waliofunga ujuzi wao kibindoni kama fedha, wakaondoka nao.

Kisha ikaja vita. Tarehe 28 Juni 1963, Bwana Daudi Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa D.C. wa Isiolo, aliuawa karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Mwisho wa mwaka huo serikali ilitangaza hali ya hatari, na baadaye wafugaji wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, kama vile Garba Tulla na Merti. Mifugo ilikufa kwa wingi usiosemeka. Waborana huuita wakati ule Gaf Daba, yaani siku za kuzuiwa, na vita havikukoma mpaka 1967. Jina la Wabera limewekwa kwenye shule hapa mjini na kwenye barabara ya Nairobi, na ni stahili yake. Lakini iko hasara nyingine isiyotajwa sana. Mvulana aliyekulia ndani ya uzio ule hakuwa na malisho ya kupeleleza wala kundi la kulipeleka kisimani. Na mzee aliyeketi naye alikuwa na elimu yake yote, ila hakuwa na mahali pa kuifundishia.

Dedha ilirudi polepole, kwa kuwa walibaki wachache waliokwisha kufunzwa. Katika miaka ya 2010, Isiolo ilipotangulia kaunti nyingine kuujaribu mfuko wa fedha za kukabili tabia ya nchi, baadhi ya fedha zilitumika kuimarisha mikutano ya wazee wa dedha. Wazee walitaja vilima, visima na njia za kuhamia, na vijana waliosoma wakaviingiza katika ramani za kompyuta. Twazisifu ramani hizo, lakini ramani haijui kumkatalia mtu. Mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo tangu mwisho wa 2020, mgeni aliyefika na kundi lililokonda alihitaji mzee anayelijua jina la babake, ajuaye pia la kumpa na la kumnyima.

Wazee hao wanapungua, na watoto wengi wako shuleni miezi ambayo zamani wangekuwa porini. Hatusemi watolewe shuleni. Kwa hiyo twapendekeza kwa mkutano mkuu kwamba likizo ya mwezi wa Agosti itumiwe kwa kazi hii, na kwamba mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa chama hiki kila mmoja awe na kijana wa kuketi naye anapofanya kazi yake. Wazee watakaokwenda kutazama malisho kabla ya mvua zijazo wanaombwa wasiende peke yao.