Manyumba madogo ya njia ya treni: kazi ya mikono ya Likasi

Tukisema juu ya mapokeo ya Katanga, watu mingi wanataja kwanza misalaba ya shaba ya wazee, halafu malakite, halafu picha za kuchora za miaka ya 1970 kama zile za Tshibumba Kanda Matulu. Ni haki yao. Lakini kuna kazi ingine ya mikono inayosahauliwa kwa sababu inaitwa muchezo wa batoto: kutengeneza treni ya vikopo na kuijengea gare, depo, tanki ya maji na manyumba ya kambi. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba muchezo ule ni namna moja ya kuandika historia, na kwamba inatupasa kuuchukua kwa makini kabla manyumba yenyewe hayajabomoka.

Likasi ni mutoto wa treni. Reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1913 ilikuwa imefika Kambove, kupitia kwetu, na mwaka 1918 ilifika Bukama kwenye mto Lualaba. Hata jina ambalo wakoloni waliupa muji, Jadotville, lilikuwa la Jean Jadot, mukubwa wa Société Générale ya Ubelgiji, ambaye mukono wake ulikuwa ndani ya reli na ndani ya Union Minière pia. Jina lile liliondolewa mwaka 1966. Kuanzia 1952 njia ya kati ya Likasi na Tenke ilikuwa na umeme, wakati inchi nyingi za Ulaya zilikuwa zingali zinachoma makala katika mashini zao. Basi mutoto aliyekulia Panda au Shituru hakuhitaji kitabu kwa kujua treni. Aliisikia usiku.

Vifaa vyake vilikuwa vile vya nyumbani. Kikopo cha sardini ni gari la mizigo, vifuniko vya chupa za Simba ni magurudumu, na fil ya shaba ni kamba ya kufungia magari pamoja (fil ile ilitoka wapi, tusiulize, kule Likasi shaba haikosi). Mingi walisimamia hapo, wakavuta treni yao barabarani. Lakini kila kartiye ilikuwa na mumoja au wawili ambao treni peke yake haikuwatosha. Walitaka mahali pa kusimama, na njo hapo kazi ya kweli ilianza.

Ukuta ni karatoni, ao bulongo ya kichuguu. Bulongo hii ni ile ile ambayo wajenzi wa Katanga wanachomea matofali ya kweli, kwa sababu haina muchanga mingi na inashikamana. Gundi ni bukari, yaani unga wa mahindi uliopikwa mwepesi. Kwa mabati kuna ufundi ambao tunausifu mpaka leo: unalowesha karatoni ya sanduku katika maji kidogo, unaondoa ngozi ya juu polepole, na ndani unakuta mikunjo midogo, sawasawa na mabati ya nyumba. Ukiipaka rangi ya majivu ao ya kutu, mutu akitazama kwa mbali hatajua. Tanki ya maji ni kikopo cha tomate juu ya miguu minne ya fil. Shimini ya kiwanda ni tete lililokauka.

Na nyumba ya kambi? Ni kisanduku cha kiberiti kimesimama kwa ubavu, na paa juu yake. Safu mbili tatu za viberiti na kambi imekwisha. Wageni wanaweza kucheka, lakini tukipima tunaona akili. Kikopo cha sardini kina karibu sentimita 10. Gari la mizigo la kweli lina mita 10 na zaidi. Kisanduku cha kiberiti kina karibu sentimita 5, na nyumba ya mita 5 kwa urefu haikuwa kitu cha ajabu katika kambi. Maana yake yote viwili vinafuata kipimo kimoja, moja kwa mia. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Jicho lilipima.

Kule Ulaya kazi hii ni ya watu wazima na ni biashara kubwa. Kampani ya Märklin ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1859, iliweka mwaka 1891 vipimo vya reli za kuchezea ili kila treni iweze kupita juu ya kila njia. Tangu mwisho wa vita ya pili, ndugu wawili wa jina la Faller, katika Gütenbach, walianza kuuza manyumba madogo ya kuunganisha: gare, kanisa, nyumba ya mukulima, vyote katika sanduku. Kipimo kinachopendwa zaidi ni moja kwa 87. Reli ya Ulaya ina upana wa milimita 1435, na ukigawanya kwa 87 unapata milimita 16 na nusu. Ile ya kwetu ina milimita 1067, kama ya Zambia na Afrika ya Kusini. Ukigawanya unapata kama 12. Kwa hiyo mutu anayenunua treni ya kawaida ya Ulaya na kuiita treni ya Katanga, reli yake ni mupana kupita ya kweli. Na sanduku la gare ya Likasi haliuzwi popote. Anayeitaka atumie mikono yake.

Hapa kwetu Kongo mutu aliyeinua karatoni mpaka ikajulikana dunia nzima ni Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015. Katika Kinshasa alijenga miji mizima ya karatasi na plastiki. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris, na mwaka 2018 New York. Tunamuheshimu sana. Lakini Kingelez alijenga miji ambayo haijakuwako, jinsi alivyotamani iwe. Batoto wa Likasi walijenga ile iliyokuwako. Ni kazi mbili mbalimbali, na ya pili ina taabu yake: haikuruhusu kusema uongo.

Taabu kubwa ni mwaka. Wanaofanya kazi hii Ulaya wanachagua kwanza kipindi, sababu treni ya 1930 haiwezi kusimama mbele ya gare ya 1980. Sisi vilevile, tukitaka kujenga gare yetu, tutajenga ya mwaka gani? Kuna watu wanapenda ile ya wakati wa Wabelgiji, kuta nyeupe, maua, hakuna takataka. Wanasahau kwamba katika miji ya Katanga wakati ule muzungu na mutu mweusi hawakukaa kartiye moja, na kwamba nyumba ya kiberiti haikuwa kubwa zaidi kwa sababu kampani ilihesabu. Ni mwisho wa miaka ya 1920 tu ndipo Union Minière ilipoanza kweli kukaza wafanyakazi wakae pamoja na bibi na batoto wao. Ukiweka villa kando ya nyumba ya kambi kwa kipimo kimoja, bila kusema neno, kila mutu anaona.

Kuna pia gare ya 1992 na 1993. Katika miaka ile watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika manyumba yao, na maelfu walilala kwenye gare ya Likasi na pembeni yake, miezi kwa miezi, wakingojea treni ya kwenda inchi ambayo wengine wao hawakuiona hata siku moja. Wengine walikufa pale pale, wengine njiani ndani ya magari. Watu hawa walikuwa majirani wetu, walimu wetu, mafundi wa Shituru. Anayejenga gare ya Likasi na kuacha uwanja wake mutupu, ajue kwamba amechagua. Hatusemi kila mutoto aweke vitambaa na masufuria ya karatasi mbele ya mulango. Tunasema kwamba wazee wasimukataze yule anayeweka. Tumesikia mara mingi neno hili, "Wee, ondoa ile, unatuletea mambo," na kwa maoni yetu si neno la haki.

Sasa, kwa vijana wanaotaka kuanza, maneno machache ya kazi. Picha za zamani zinasaidia, lakini picha haisemi urefu. Kwenda na kamba ya kupimia kwenye nyumba ya serikali ao ya kampani kunaleta maswali, na kupanda juu ya paa ni hatari. Lakini manyumba mengi ya zamani ni ya matofali, na tofali njo kipimo chenyewe. Pima tofali moja pamoja na udongo unaoliunganisha na la chini yake, halafu simama mbali na uhesabu mistari mpaka kwenye paa. Kama mustari mumoja una sentimita 8 na umehesabu mistari 50, ukuta una mita 4. Kwa kipimo cha moja kwa 87 utakuwa na sentimita 4 na nusu, na kidogo juu yake. Mulango wa mita 2 utakuwa na milimita 23. Andika yote katika kaye, pamoja na tarehe uliyopima, na pamoja na jina la muzee aliyekuambia dirisha lililozibwa lilikuwa wapi. Anza na zile zinazokufa mbele: tanki za maji, ambazo treni ya umeme haikuzihitaji tena, na manyumba ya kambi, ambayo kila mwaka mwenye nyumba anaongeza chumba, anabadilisha mabati, anapanua dirisha. Haki yake, anakaa humo. Lakini sura ya kwanza inaenda, na ndani ya kisanduku cha kiberiti ingali inaingia.