Ardhi Iliyotolewa Baharini

Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari uliotenganisha mji na mtaa wa Ng'ambo ulifurika wakati wa bamvua na kubaki tope maji yalipokupwa. Daraja la kuuvukia ndilo lililoipa Darajani jina lake. Katika karne ya 20 mkono huo ulifukiwa kipande kwa kipande, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 pakawa nchi kavu.

Lakini kufukia ni nusu tu ya kazi. Tope la mikoko limejaa maji. Likibebeshwa kifusi, maji hukamuka polepole, pengine kwa miaka mingi, na ardhi hushuka. Jengo likishuka sawasawa halina neno. Balaa ni pembe moja kuzama kuliko nyingine: ukuta hupasuka mshazari kuanzia kona ya dirisha, na milango hukataa kufunga. Kwa njia ya kurukia ndege, bonde dogo tu ni hatari kubwa.

Huko Japani, uwanja wa ndege wa Kansai ulifunguliwa mwaka 1994 juu ya kisiwa kilichotengenezwa kwa kifusi. Wahandisi walizamisha nguzo za mchanga kwenye tope ili maji yapate pa kutokea. Hata hivyo kisiwa kimeshuka zaidi ya mita 10, na nguzo za jengo la abiria hulazimika kusawazishwa kwa jeki.

Tukirudi Zanzibar, kisiwa cha Pemba hakikuingia katika mtihani huo. Mji wa Wete umekaa mlimani, bandari na mikoko ikiwa chini yake, na uwanja wa ndege wa kisiwa ulijengwa kwenye nchi kavu, karibu na Chake Chake. Msafiri wa Wete hulipia uthabiti huo kwa mwendo wa gari, na ni bei nafuu.