Nyumba ya Kiangazi Katika Kijiji cha Watu: Somo la Tukuyu

Maneno "nyumba ya kiangazi" hayana maana ya moja kwa moja kwa mkazi wa Bulyaga. Kata hiyo imo ndani ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Juni na Julai, miezi ambayo watu wa Ulaya huota jua, kwetu ni miezi ya ukungu na makoti. Nyumba hapa hujengwa ili watu waishi humo, waolee humo, wazae humo, na hatimaye wazikwe kando yake. Hata hivyo, mji huu wenyewe ulikuzwa na wageni waliotafuta kile kile anachotafuta mwenye nyumba ya kiangazi: hewa baridi katika nchi isiyo yake.

Narejea historia hiyo kwa sababu swali lake limerudi. Kutoka Lushoto hadi Zanzibar, na ng'ambo ya mpaka huko Lamu, wapo wageni wanaotaka kiwanja na nyumba kwa ajili ya miezi michache ya mwaka. Wanafunzi wangu hulijadili jambo hili kama suala la bei: nani anauza na kwa kiasi gani. Mimi naona suala la kwanza ni jingine. Nani anampokea mgeni huyo, na akishapokewa, anawajibika kwa nani?

Mwaka 1879 mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipita katika nchi ya Wanyakyusa na kuisifu kama pepo ndogo: migomba iliyopangika, nyumba safi za mianzi, viwanja vilivyofagiliwa. Alichokiona kilikuwa kweli, lakini hakikuwa zawadi ya maumbile tu. Kilikuwa kazi ya watu waliokuwa na utaratibu wao wa pekee wa kuanzisha makazi. Wataalamu wa elimu ya jamii, Godfrey na Monica Wilson, waliuchunguza utaratibu huo katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akauchapisha katika kitabu chake *Good Company*. Vijana wa kiume, wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, waliondoka katika maboma ya baba zao na kujenga vibanda vyao pamoja. Walipokua walioa na kuleta wake zao pale pale, na kibanda cha mtoto kikawa kijiji cha watu wazima. Kizazi kilipokomaa, ilifanyika sherehe kubwa ya kuwakabidhi ardhi na mamlaka.

Maana yake ni kwamba kijiji cha Kinyakyusa kilikuwa kwanza ujirani, na baada ya hapo ndipo kikawa mahali. Neno lao *ukwangala* hueleza raha na wajibu wa kukaa pamoja: kula pamoja, kuzungumza, kusaidiana kulima, kuzikana. Mtu aliyeshindwa kuelewana na wenzake aliweza kuhamia kijiji kingine, na mgeni aliyekubali masharti hayo aliongeza nguvu ya kijiji. Waswahili wamelisema kwa namna yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inamwambia kwamba baada ya kukirimiwa atahesabiwa miongoni mwa wanaofanya kazi.

Mwaka 1891 wageni wa aina mpya walifika. Wamoravian, miongoni mwao Theodor Meyer, walianzisha kituo Rungwe. Waluteri wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walijenga kwao na kupaita Wangemannshöhe kwa heshima ya mkurugenzi wao, Wangemann. Wote walichagua nchi ya juu kwa hofu ya homa za bondeni. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba malaria huenezwa na mbu. Ronald Ross alilithibitisha hilo miaka michache baadaye, 1897 na 1898. Wamisionari hawa walikuja bila jeshi. Iliwabidi wazungumze na machifu, waombe mahali, wajifunze lugha. Baadaye vituo vyao vilijikusanyia watu, na mmisionari akajikuta akiamua mashauri kana kwamba naye ni chifu. Nasaba hiyo ya ombi na mamlaka isisahauliwe: aliyeanza kwa kuomba aliweza kuishia kutawala.

Serikali ya Kijerumani haikuomba. Kituo chake cha kwanza, Langenburg, kilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na afya ya Wazungu ilidhoofika huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 boma lilihamishiwa Tukuyu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jina likapandishwa mlimani pamoja na mafaili: Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Mlima uliokuwa na majina yake ukapewa jina la ukoo wa Kijerumani ambao wenyeji hawakuwa na habari nao.

Jambo hili halikuwa la Tukuyu peke yake. Waingereza nchini India walikuwa wameifanya Simla makao yao makuu ya kiangazi tangu 1864. Wajerumani walikuwa na Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, iliyopewa jina la Kaisari wao. Huko maofisa wa pwani walipanda kuukimbia mvuke wa Tanga na Dar es Salaam. Kila mahali mantiki ilikuwa moja. Mgeni alitengeneza kipande cha kwao juu ya kilima cha watu: paa lenye mteremko mkali, bustani ya maua, dirisha linalotazama bonde. Bonde hilo alilitazama kama mandhari, ilhali kwa wenyeji lilikuwa shamba, kaburi na mpaka.

Sheria ndiyo iliyofanikisha mabadiliko hayo. Amri ya Kifalme ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Lakini shamba lililopumzishwa, au malisho ya kijiji, huonekana halina mwenyewe kwa mtu asiyejua kuuliza. Mwaka 1898 ikafuata kodi ya kibanda. Tuyaweke mambo haya mawili pamoja: mgeni aliyejenga juu ya kilima alipewa ulinzi wa dola, na mwenyeji aliyekuwa na nyumba yake ya mianzi tangu utoto akaanza kuilipia. Siku ya tatu ilikuwa imefika, lakini jembe lilipewa mwenyeji.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji. Jina Neu-Langenburg likatoweka na Tukuyu ikabaki Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na kuondolewa, lakini makanisa hayakufungwa, kwa kuwa Wanyakyusa wenyewe walikuwa tayari wahubiri, walimu na wazee wa kanisa. Hapo ndipo naliona somo. Kilichokuwa cha boma kiliondoka na boma. Kilichoingia mikononi mwa majirani kilidumu, na Kanisa la Moravian Rungwe ni shahidi hadi leo.

Sheria zetu za sasa zimejaribu kujifunza. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 20, inasema kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo imeweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake. Kenya nayo, katika ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kwa herufi, basi, nyumba ya kiangazi si uwekezaji na haina njia nyepesi. Kwa vitendo, hatari iko katika kuazima jina: mwenyeji anaandikishwa kuwa mwenye kiwanja ilhali fedha na funguo ni za mwingine. Siku wakikosana, mgeni hana hati, na mwenyeji hana fedha za kesi. Kijiji ambacho hakikuulizwa mwanzo ndicho kinachotakiwa kuamua mwisho.

Lakini sheria hiyo hiyo ilimgusa mtu ambaye hatukumkusudia. Kijana wa Bulyaga aliyeondoka, akachukua uraia wa Uingereza au Marekani, kwa sheria yetu isiyoruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, ni mgeni. Kwa miaka mingi aliweza kuja kumzika mama yake, asiweze kumiliki ardhi aliyozikwa mama huyo. Ndiyo maana mjadala wa hadhi maalumu kwa wanadiaspora ulikuwa mzito kuliko hoja ya fedha wanazotuma nyumbani. Wapo miongoni mwao wanaochangia misiba, karo na matibabu ya ndugu kila mwezi. Kwa kipimo cha *ukwangala*, hao hawajawahi kuhama.

Kwa hiyo napendekeza tuache kuuliza pasipoti peke yake, wala tusiulize mfuko peke yake. Mkutano wa kijiji, au wa mtaa kwa mji kama Tukuyu, upewe sauti ya kweli kabla kiwanja cha makazi hakijaenda kwa mtu atakayekitumia miezi miwili kwa mwaka. Maswali yake yawe ya kawaida na yaandikwe: maji utayachukua wapi, njia ya watu itapita wapi, nani atakaa humo usipokuwapo, na kwenye msiba wa jirani utafanya nini? Anayeweza kuyajibu mbele ya watu, awe Mjerumani au mtoto wa Bulyaga mwenye pasipoti ya kigeni, anastahili kusikilizwa. Asiyeweza kuyajibu anahitaji hoteli, na hoteli Rungwe zipo.