Jinsi muuzaji wa mtandaoni atakavyotambua barua pepe za uthibitisho zilizo halisi

WAFANYABIASHARA wadogo wa Kisumu na miji ya ufuo wa Ziwa Victoria hawalazimiki tena kukodi kibanda katika soko la Kibuye au Jubilee ndipo wapate wateja. Mama anayesuka vikapu vya magugumaji katika ufuo wa Dunga aweza kumuuzia mnunuzi aliye Nairobi, London au Toronto kwa simu ya mkononi, na muuza samaki wa Mbita hupokea maagizo kupitia Facebook na WhatsApp kabla ya kupakia mzigo kwenye basi.

Pamoja na wateja hao huja barua pepe. Moja humtaka muuzaji athibitishe anwani yake, nyingine humwomba nakala ya kitambulisho, na ya tatu humwonya kwamba akaunti yake itafungwa baada ya saa 24 asipobonyeza mahali fulani. Baadhi ya barua hizo ni za kweli. Nyingi ni za matapeli.

Hasara ya kukosea ina pande mbili, jambo ambalo maonyo mengi ya kila siku huliacha nje. Muuzaji anayeamini barua bandia hupoteza akaunti, wateja aliowajenga kwa miaka, na mara nyingi mtaji alioupata kwa mkopo wa chama. Naye anayepuuza kila barua kwa kuogopa matapeli huenda akapuuza ile ya kweli, na pesa zake zikazuiliwa hadi atakapotoa maelezo aliyoombwa. Kwa hiyo ushauri wa kufuta kila barua isiyoeleweka haumfai mtu anayeishi kwa kuuza.

Kwa Kiingereza wizi huu huitwa 'phishing', neno lililoanza kuenea katikati ya miaka ya 1990 na ambalo mzizi wake ni uvuvi. Wakazi wa kando ya ziwa hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Barua ni chambo, na anayeitupa hamlengi samaki mmoja; huzituma kwa maelfu akitaraji kwamba wachache watanasa.

Jina la mtumaji halitoshi

Kanuni zinazosafirisha barua pepe zilitungwa mwaka 1982, wakati mtandao ulipokuwa wa watafiti wachache walioaminiana. Hazikumtaka mtumaji athibitishe kwamba yeye ndiye anayejiita. Mbinu za kukagua watumaji ziliongezwa baadaye, na kampuni kubwa za barua pepe huzitumia kuchuja uchafu, lakini hadi leo mtu yeyote aweza kuandika 'Jumia' au 'PayPal' katika nafasi ya jina.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa anayesoma kwenye simu, na katika ufuo wa ziwa wengi husoma kwenye simu. Kioo kidogo huonyesha jina pekee na kuificha anwani yenyewe. Hatua ya kwanza basi ni kuligusa jina hilo ili anwani kamili ionekane.

Anwani husomwa kuanzia mwisho wake. Katika barua pepe, kinachohesabika ni kile kinachofuata alama ya @. Katika anwani ya tovuti, ni maneno ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata jina la tovuti. Hivyo basi anwani ya mfano kama jumia.co.ke.jinajingine.com si ya Jumia hata kidogo, bali ni ya yule anayemiliki 'jinajingine.com'. Jina maarufu lililotangulia ni pambo tu.

Vilevile kuna ujanja wa herufi. Mwaka 2000, watumiaji wa PayPal walitumiwa barua zilizowapeleka katika tovuti ambayo herufi ya mwisho ya jina ilikuwa 'I' kubwa mahali pa 'l' ndogo. Kwenye kioo herufi hizo mbili zilifanana kabisa. Mbinu hiyo ingali inatumika, wakati mwingine kwa kuweka tarakimu 1 au sifuri mahali pa herufi.

Kwa anwani za humu nchini, mwisho wa 'go.ke' umetengewa asasi za serikali, na barua inayodai kutoka Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilhali anwani yake ni ya bure ya Gmail inastahili kufutwa papo hapo. Lakini mwisho wa 'co.ke' haumaanishi kwamba mmiliki amechunguzwa. Huweza kununuliwa na yeyote.

Hata hivyo kanuni ya anwani ina mitego yake. Facebook hutuma barua zake halali kwa anwani inayomalizikia kwa facebookmail.com, jina ambalo mtu mwangalifu angelidhani la matapeli. Kwa upande mwingine, walaghai wamewahi kutumia huduma za kweli kusafirisha uongo: hufungua akaunti ya PayPal, wakaandaa ankara, na katika nafasi ya maelezo wakaandika nambari ya simu ya 'huduma kwa wateja' ambayo ni yao wenyewe. Ankara hiyo hutumwa na PayPal hasa, na anwani yake ni sahihi kwa kila herufi.

Alama ya kufuli inayoonekana kando ya jina la tovuti nayo si ushahidi wa uaminifu. Huonyesha tu kwamba mazungumzo kati ya simu na tovuti hayasikiki na watu wengine, na tangu katikati ya miaka ya 2010 vyeti vyake hupatikana bila malipo. Tapeli huweka kufuli kama duka lolote lile.

Nayo ile dalili ya zamani ya lugha mbovu imepungua nguvu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, programu zinazoandika lugha fasaha zimekuwa mikononi mwa kila mtu, matapeli wakiwemo.

Nani aliyeanza?

Swali lenye manufaa kuliko yote ni hili: je, muuzaji mwenyewe ndiye aliyefanya jambo lililozaa barua hiyo? Barua halisi ya kuthibitisha anwani hufika muda mfupi baada ya mtu kujisajili, kubadilisha neno la siri au kuingia kwa kifaa kipya. Huwa na nambari ya tarakimu chache au kiungo chenye muda maalumu, na mara nyingi huongeza kwamba ikiwa si wewe uliyeomba, uipuuze.

Ikiwa nambari kama hiyo imekuja bila kuombwa, maana yake ni kwamba kuna mtu anayejaribu kuingia. Hapo ndipo hufuata simu au ujumbe wa mtu anayejitambulisha kuwa mteja, akidai kwamba nambari yake 'imetumwa kwako kwa makosa' na kuomba asomewe. Hivi ndivyo akaunti za WhatsApp zinavyonyakuliwa kwa tarakimu sita tu, kisha marafiki na wateja wa mwenye akaunti wakaombwa pesa kwa jina lake. Nambari ya uthibitisho huandikwa na mwenyewe katika ukurasa alioufungua mwenyewe. Hasomewi mtu.

Barua za kweli zinazotisha

Hapa ndipo wauzaji wengi hukanganyikiwa. Si kweli kwamba kampuni halali haziombi vitambulisho. Sheria za kuzuia ulanguzi wa pesa huzilazimu kampuni za malipo kuwajua wateja wao. Nchini Marekani, sheria iliyoanza kutekelezwa Juni 27, 2023 inazitaka soko za mtandaoni zithibitishe maelezo ya kila muuzaji aliyefanya mauzo 200 au zaidi ya bidhaa mpya, yenye thamani ya dola 5,000 au zaidi, katika miezi 12 mfululizo ndani ya miaka miwili. Msusi wa vikapu wa Kisumu anayewauzia Wamarekani kupitia eBay aweza kupata barua ya namna hiyo, na isipojibiwa, akaunti husimamishwa.

Vivyo hivyo, PayPal huweza kuzuia malipo ya muuzaji mgeni kwa muda wa hadi siku 21. Barua inayosema kuwa pesa zimezuiliwa basi si lazima iwe uongo.

Tofauti ni kwamba jambo la kweli huonekana pia ndani ya akaunti. Muuzaji aifunge barua bila kugusa kiungo chochote, afungue programu ya duka au aandike mwenyewe jina la tovuti, kisha aingie. Kama kuna ombi la kitambulisho, atalikuta humo. Kama pesa zimezuiliwa, zitaonekana zikiwa zinasubiri. eBay huweka nakala za barua zake muhimu katika sanduku la ujumbe ndani ya akaunti, nazo Facebook na Instagram zina ukurasa katika mipangilio ya usalama unaoorodhesha barua zilizotumwa karibuni. Barua isiyokuwamo ichukuliwe kuwa ya matapeli.

Njia hii haihitaji ujuzi wa kompyuta. Ingetosha kama mtu angekumbuka kanuni moja tu.

Majina ya kampuni nayo hubadilika, na matapeli hutumia mwanya huo. Biashara ya OLX nchini Kenya ilinunuliwa na Jiji mwaka 2019. Anayepokea leo barua ya kuthibitisha tangazo lake la OLX Kenya hana haja ya kuchunguza anwani.

Kwa Wakenya kuna utata mwingine wa neno PIN. PIN ya KRA ni nambari ya mlipa ushuru yenye herufi na tarakimu 11, na duka halali laweza kuiomba. PIN ya M-Pesa ni siri ya tarakimu nne ambayo hakuna duka, benki wala mfanyakazi wa Safaricom anayepaswa kuijua. Fomu inayoomba 'PIN' bila kueleza ni ipi imeandaliwa kwa makusudi.

Mnunuzi wa ng'ambo na msafirishaji wake

Ulaghai unaowaumiza zaidi wauzaji wa vikapu, vinyago vya mawe ya Kisii na bidhaa za ngozi huanza kwa furaha. Mnunuzi wa ng'ambo anataka mzigo mkubwa, habishanii bei, na anasema ameshalipa. Dakika chache baadaye huingia barua yenye nembo ya PayPal au ya benki: malipo yamepokelewa, lakini yatafunguliwa muuzaji akishatuma nambari ya posta ya mzigo, au akishamlipa 'wakala wa usafirishaji' ada ambayo mnunuzi ameijumlisha katika malipo.

Hakuna malipo. Ada humwendea mnunuzi yuleyule, na mzigo ukitumwa haurudi. Hakuna kampuni ya malipo inayomtaka muuzaji atoe pesa ndipo apewe zake. Malipo yaliyozidi bei na ombi la kurudisha tofauti ni ulaghai huohuo kwa sura nyingine.

Katika biashara ya humu nchini, mahali pa barua pepe huchukuliwa na ujumbe mfupi. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, wauzaji wamezoea kukabidhi mzigo mara tu ujumbe unapolia. Ujumbe wa kweli hutoka kwa mtumaji anayeitwa MPESA na hukaa pamoja na ule wa awali. Wa bandia mara nyingi hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, hata ukinakili maneno yote. Lakini hapa pia dawa si kuusoma ujumbe kwa makini zaidi. Muuzaji atazame salio lake kwa kubonyeza *334# au katika programu ya simu. Salio halidanganyi, na gunia la omena halitapotea kwa kusubiri dakika moja sokoni.

Mtu akidai alituma pesa kwa makosa, asirudishiwe moja kwa moja. Mtumaji mwenyewe ana njia ya kuomba zirudishwe, kwa kupeleka ujumbe wa muamala huo kwa nambari 456.

Aliyekwisha kunaswa

Dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Aliyeandika neno lake la siri katika ukurasa bandia abadilishe la barua pepe kwanza kabla ya akaunti nyingine yoyote, kwa sababu mwenye barua pepe aweza kuomba maneno mapya ya siri ya kila duka. Kisha azitoe simu na kompyuta zote zilizoingia katika akaunti, na awashe uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti ya malipo iliyounganishwa na benki ihitaji simu kwa benki siku hiyohiyo.

Kuna wanaonyang'anywa laini yenyewe, tapeli akiisajili upya katika kadi nyingine. Mteja wa Safaricom aweza kuikinga laini yake dhidi ya hilo kwa kubonyeza *100*100#. Kampuni hiyo husema kwamba huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa ulaghai hupelekwa kwake bila malipo kupitia 333.

Malalamishi ya uhalifu huandikishwa katika kituo cha polisi, ambako mlalamishi hupewa nambari ya OB, kisha kesi huweza kufikishwa kwa makachero wa DCI, ambao pia hupokea habari kwa simu ya bure 0800 722 203. Barua zenyewe zisifutwe, wala picha za mazungumzo, kwani ndizo ushahidi. Kifungu cha 30 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 kiliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayeunda tovuti au kutuma ujumbe wa kuwahadaa watu watoe maelezo yao ya siri.