Mbarika, Majivu na Pasi ya Makaa: Historia ya Doa la Mafuta Meru na Embu

Ukisafiri kutoka Embu kwenda Meru, tazama kingo za mashamba na nyuma ya maduka ya njiani. Utauona mbarika umejiotea wenyewe, majani mapana kama kiganja kilichokunjuliwa, mbegu zenye mabaka kama kupe aliyeshiba damu. Wataalamu wa mimea waliuita *Ricinus*, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo ya kupe. Watoto huupiga fimbo wakipita. Wachache kati yao wanajua kwamba mti huu ulisaidia kuwavisha mababu zao.

Kabla ya pamba, vazi la huku lilikuwa ngozi, hasa ya mbuzi. Ngozi iliyokaushwa juani huwa ngumu kama ubao. Ilibidi ikwanguliwe, isuguliwe na kupakwa mafuta mpaka ilegee na kumkaa mtu mwilini. Mafuta ya mbarika ndiyo yaliyotumika sana kwa kazi hiyo. Mbegu zilikaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa, na mafuta yalipoelea juu yakaenguliwa. Mwili nao ulipakwa, na kwa sherehe yalichanganywa na udongo mwekundu. *Maguta*, kama yanavyoitwa kwa Kimeru na Kiembu, yalilinda ngozi ya mtu na ngozi ya mbuzi kwa pamoja. Aliyeng'aa alikuwa mtu anayetunzwa.

Kwa hiyo doa la mafuta, tunalolipigania leo kwenye beseni, halikuwapo. Lilikuja na kitambaa.

Kitambaa kilichoenea sana ndani ya Afrika Mashariki kilikuwa amerikani, pamba ngumu isiyopakwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani. Wafanyabiashara wa mji wa Salem huko walikileta Unguja, na mwaka 1833 Marekani ikatia saini mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultan. Misafara ikakibeba bara. Lakini kwenye miteremko ya Mlima Kenya pamba haikuwa vazi la kila siku mpaka serikali ya kikoloni ilipoingia. Boma la Embu lilianzishwa mwaka 1906. Meru ikafuata mwaka 1908, chini ya ofisa wa kikoloni Edward Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi. Misheni zikaja nyuma yao: Waanglikana wa shirika la kimisheni la CMS walifika Kigari mwaka 1910, Wamethodisti Kaaga, na mwaka 1922 Kanisa la Scotland likafungua Chogoria chini ya Daktari Clive Irvine.

Mtoto aliyekwenda kusoma misheni alitarajiwa kuacha ngozi na udongo mwekundu, avae shuka au kaptula, na nguo hiyo iwe safi. Mimi humfikiria sana mtoto huyo. Mchana anafundishwa kwamba usafi ni sehemu ya imani. Jioni anarudi kwa mama ambaye mabega yake bado yanameremeta mbarika, naye anamshika begani kama alivyomshika siku zote. Kesho yake alama ya vidole iko kwenye pamba. Kile kilichokuwa mapenzi na heshima kimegeuka uchafu, na hakuna kati yao aliyebadilika. Kilichobadilika ni nguo.

Alama hiyo iliondolewaje? Kwa kilichokuwepo nyumbani, na kwanza kabisa ni majivu. Jiko la mafiga matatu halikosi majivu, na majivu ya kuni hufanya kazi mbili kwenye doa. Yakiwa makavu hufyonza mafuta. Yakilowa, magadi yaliyomo ndani yake hushikana na sehemu ya mafuta yale na kuyageuza kuwa kitu kinachokaribia sabuni, palepale kwenye uzi. Mwaka 1823 Mfaransa Michel Chevreul alichapisha kitabu kilichoeleza kwa kina siri hiyo: sabuni ni mafuta yaliyovunjwa na magadi. Ncha moja ya chembe ya sabuni hushika maji, nyingine hushika mafuta, na hivyo viwili visivyopatana huondoka pamoja.

Kisha likaja debe. Mafuta ya taa yaliuzwa katika mikebe ya bati ya galoni 4, karibu lita 18. Taa ilipomaliza mafuta, mkebe ulibaki kuwa ndoo ya kutekea maji na chombo cha kuchemshia nguo. Mafuta ya taa yenyewe yakapata kazi ya pili. Grisi ya mnyororo wa baiskeli haiogopi sabuni, lakini huyeyuka ikikutana na mafuta ya taa. Ndiyo kanuni ya madobi wa Paris wa karne ya 19, waliofua nguo kwa tapentaini bila kutia maji. Kahawa iliporuhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Meru na Embu katika miaka ya 1930, na mashine za kumenyea zikaenea, grisi ilifika kwenye kaptula za watu wengi zaidi. Mafundi wa jua kali leo hufuata njia hiyohiyo. Wengine hutumia petroli, nami nasema wazi kwamba wanakosea: mvuke wake hutambaa chini mpaka kwenye jiko la jirani na kurudi ukiwa moto.

Somo langu mwenyewe nililipata nikiwa darasa la nne. Andazi lililokuwa bado linachuruzika mafuta lilinidondokea kwenye shati jeupe la shule, nikakimbilia bombani. Nyanya akanipigia kelele, "Wewe, usitie maji!" Alitandika gazeti mezani, akalaza shati, akanyunyiza unga wa mahindi juu ya doa na kuubonyeza kwa kidole gumba. Unga ukawa wa manjano. Akaukung'uta, akaweka mwingine, mara tatu. Kisha akaleta pasi ya makaa, ile yenye jogoo mdogo kwenye kifungio, akakata vipande viwili vya mfuko wa kaki, kimoja chini na kimoja juu, akapitisha pasi iliyokwisha kupoa kidogo. Alipoinua karatasi akaielekeza dirishani. Katikati palikuwa na duara linalopitisha mwanga. "Hayo ndiyo mafuta yako," akaniambia. Hapo tu ndipo alipochukua sabuni ya kipande, akaipaka kavu, akaliacha shati likae, kisha akalifikicha kwa maji ya vuguvugu.

Miaka mingi nilidhani ni mazoea ya kizee. Sasa naona mpango wote ulikuwa sahihi. Maji yakitangulia hayayeyushi mafuta, na unga uliolowa hauyafyonzi vizuri. Pasi bila karatasi huyapika ndani ya uzi. Karatasi ikiwepo, joto huyalegeza na karatasi huyanywa.

Polepole sabuni ya kiwandani ilishuka bei na kuingia kila duka. Upande wa pili wa mlima, Nyeri, kampuni ya Bidco ilianza kwa kushona nguo, mwaka 1985 ikageukia sabuni, na mwaka 1991 ikaanza kutengeneza mafuta ya kupikia Thika. Kampuni moja ilipita katika nguo, sabuni na mafuta. Sabuni ya unga nayo ilizoeleka hata mtu akaomba "omo" dukani akiwa na maana ya yoyote iliyopo.

Lakini nguo zenyewe zilibadilika tena. Mitumba ilipofurika katika miaka ya 1990, soko la Gakoromone mjini Meru lilijaa mashati ya poliesta. Pamba hupenda maji na huachilia mafuta. Poliesta hupenda mafuta na huyakumbatia. Unga na majivu havitoshi hapo. Mama fua wa Dallas mjini Embu, au wa Makutano mjini Meru, hutia sabuni ya majimaji ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye doa, kwa kuwa ilitengenezwa kung'oa mafuta ya sufuria.

Mmoja wao hunifulia kila Jumamosi. Akimaliza haulizi kama doa limetoka, maana shati likiwa limelowa doa hujificha. Huligeuza ndani nje, akalianika kwenye kamba iliyofungwa baina ya nguzo na shina la mbarika la jirani, akaingia kunywa chai. Likikauka hulishika kola, akalinyanyua kulielekeza jua, na pasi haiguswi mpaka ametazama.