Rutuba
Kwa asili rutuba ni neno la Kiarabu lenye maana ya unyevu. Kiswahili kimelihamishia kwenye udongo, ila katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi maana hizo mbili bado zimeshikana. Usiku viboko hula nyasi nchi kavu. Mchana hunya majini, na naitrojeni na fosforasi za mbugani huwalisha viumbe wa Mto Katuma na wa maziwa Katavi na Chada. Maji yanayotiririka huisambaza rutuba hiyo. Kiangazi mto hukauka, na ni kosa kuilaumu mvua peke yake: maji huchepushwa huko juu kumwagilia mpunga. Viboko husongamana madimbwini, kinyesi hurundikana, bakteria wanaokiozesha humaliza oksijeni, na samaki hufa.